Mkia wa Gari la Maganga

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa spana hata moja. Nilishuka kutoka Mgeta na furushi la nguo na barua ya mwalimu wangu, nikafika karakana ya shamba la mkonge jua limeshakuwa kali, nikamkuta Fundi Mkuu amesimama mlangoni. Alikuwa Singasinga mrefu mwenye kilemba cheupe, na katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kuona doa la grisi kwenye kile kilemba. Barua hakuifungua. Alinipeleka kwenye trekta lililokuwa likiunguruma, akaniamuru nikae chini mbele yake.

"Sikiliza hiyo," akasema.

"Nisikilize nini, bwana?"

"Hiyo iko na silinda nne. Moja mgonjwa. Sikiliza, halafu njoo ambia mimi."

Silinda, kwa wasiojua, ni chumba ndani ya injini ambamo mafuta huungua na kusukuma chuma kinachozungusha magurudumu. Mimi siku ile sikujua hata hilo. Nilikaa pale mpaka wenzangu wakaenda kula, ndipo nikaanza kusikia kwamba ule mngurumo unachechemea, kama mtu aliyechomwa na mwiba unyayoni. Nikaenda kumwambia. Akaniuliza ni silinda ipi. Nikasema hiyo siijui, ila injini inachechemea. Akaitikia kwa kichwa, akaniandikisha kazi.

Mchana huohuo nikampata Maganga, au tuseme yeye alinipata mimi. Nilikuwa nimefungua magimbi niliyofungiwa na mama, akaja dereva mmoja wa trekta, kijana mwenye mabega mapana, akauliza bila hata salamu, "Wewe kabila gani?"

"Mluguru."

Alininyang'anya yale magimbi, akaketi, akayala yote mbele yangu huku karakana nzima ikicheka. "Mtumwa wangu ameshuka mlimani kuniletea chakula," akawaambia. "Wanyamwezi hatusahauliwi na watumwa wetu."

Vijana wa siku hizi mnaweza kudhani huo ulikuwa ugomvi. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, na mtani ana haki zake. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, nawe huruhusiwi kukasirika, ukikasirika umeshindwa. Ukikitaka kitu chako unakikomboa, mara nyingi kwa jogoo, na mtu wa nje haingilii kati. Mambo hayo niliyajua nyumbani kwa wazee. Sikujua kwamba yatanikuta karakana siku ya kwanza, nikiwa na njaa. Kesho yake nilichukua kofia ya Maganga nikamvika punda aliyekuwa akibeba maji ya kambi. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Maganga mwenyewe, na tangu hapo tukawa kitu kimoja.

Yeye alizaliwa palepale shambani. Baba yake alikuja kutoka Tabora kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, akafanya kazi kwenye korona, ule mtambo wa kukamua majani ya mkonge, mpaka kifua kikammaliza. Maganga akabaki kambini na mama yake. Huyo mama alikuwa mtu wa maneno machache na ulimi mkali. Hakuwahi kuniita jina langu. Kwake mimi nilikuwa Mluguru tu, na kila nilipompa shikamoo aliniitikia marahaba kisha akauliza kama nimekuja kula au kuiba.

Mashamba yalipotaifishwa, mwenye shamba wetu alifunga virago akaenda kwao. Alituachia vitu viwili vilivyobadilisha maisha yetu. Kimoja kilikuwa kiwanja cha ndege alichokitia lami ili ndege yake ndogo iweze kutua hata masika. Cha pili kilikuwa gari lake la Kimarekani, pana kama kitanda cha harusi, lililogongwa ubavuni na kuachwa bandani. Bodi yake haikuwa na thamani tena, lakini injini ilikuwa na silinda nane na haikuchechemea hata moja. Fundi Mkuu aliizunguka ile injini siku kadhaa. Kisha akatuambia tuilete pikapu kuukuu ya kubebea vibarua, tuikate na kuitia injini ile.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye mbio za kuondoka. Magari mawili yanasimama sambamba, bendera inashuka, na anayefika wa kwanza mwisho wa kiwanja ameshinda. Hakuna kona wala mlima. Karakana za mashamba ya jirani zilileta magari yao, na gereji za mjini nazo zikaleta ya kwao, na siku za sikukuu watu walikuja kwa miguu kutoka mjini na Kihonda, ambako wakati huo kulikuwa pori na mkonge mtupu. Mwenyekiti wa tawi la Chama aliwahi kuuliza kama huo si ubepari. Ndugu Meneja tuliyeletewa na serikali akamjibu kuwa ni maonyesho ya ufundi wa wafanyakazi, na yule mwenyekiti akawa haachi kuja.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Wengi wenu mnadhani katika mbio za namna hiyo mtu hushinda au hushindwa kwa injini. Kwetu injini ilikuwa kazi nyepesi. Kazi ngumu ilikuwa ule mwondoko wenyewe, tangu dereva anapoachia klachi mpaka gari linapotulia kwenye mwendo. Klachi ndiyo inayounganisha injini na magurudumu. Ukiiachia ghafla, gari linaruka mbele lakini uzito wake unabaki nyuma. Mama akiwa na ndoo kichwani akaanza kutembea kwa kushtukia, maji humwagikia mgongoni. Gari nalo ni hivyohivyo: pua inapanda, matako yanakaa.

Uzito kwenda nyuma ni jambo jema, kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma na uzito ndio unaoyafanya yang'ate lami. Kwa hiyo tuliusaidia. Tuliirudisha injini nyuma mpaka ikakaribia magoti ya dereva. Betri tukaiweka nyuma ya kiti. Springi za mbele tulichagua zilizochoka ili pua ipande bila kubishana, na tairi za nyuma tukavua kwenye trela, tukazipunguza upepo mpaka zikakunjamana. Mahali pa kuondokea tulipaka molasi, ule uji mweusi unaobaki viwanda vikishatengeneza sukari. Molasi ikikaukia juani kidogo inanata, na tairi ikiikanyaga haitelezi. Shida yake ilikuwa nyuki. Maganga aliumwa mdomo siku moja akashindana hivyohivyo, nami nikamwambia sasa angalau anafanana na binadamu.

Lakini kulikuwa na mpaka, na mpaka ule ndio ufundi wote. Pua ikipanda kidogo, uzito wote uko nyuma na gari linakwenda kama limefukuzwa. Ikipanda sana, nguvu inayonyanyua gari inaacha kulisukuma, na mwenzako anakupita ukiwa unaangalia mawingu. Tena magurudumu ya mbele yakiwa hewani hayana kazi. Dereva anashika usukani lakini hakuna anachokigeuza. Yakirudi chini yakiwa yamepinda, hata kidogo, gari linakwenda yanakoelekea yenyewe.

Tulipima kwa majivu. Tulinyunyiza majivu ya jikoni kwenye lami, gari likaondoka, kisha Fundi Mkuu akainama kusoma. Mchirizi wa tairi za mbele ulikatika pale pua ilipoinuka na kuanza tena iliposhuka, na kutokana na ile nafasi tupu aliweza kusema klachi iliachiwa mapema au springi imekaza. Na ili pua isivuke mpaka tulifunga mkia. Yalikuwa mabomba mawili marefu yaliyofungwa kwa boliti nyuma ya chesi, ambayo ndiyo mifupa ya gari, na mwishoni yana magurudumu ya toroli. Pua ikipanda, mkia unagusa chini na kuizuia. Urefu wake kutoka chini tuliupima kwa gunia. Tulilikunja, tukalisukuma chini ya yale magurudumu ya toroli. Likipita kwa kusugua kidogo, mkia uko sawa. Likipita kwa urahisi, mkia uko juu mno.

Kulikunja gunia na kuufunga mkia ilikuwa kazi yangu. Maganga alikuwa dereva, na sijaona mwingine aliyekuwa na mguu kama wake. Aliiachia klachi kama mtu anayemlaza mtoto. Tulishinda sana. Siku za kushinda mama yake alitupikia wali, akamtengea mwanawe, nami akaniambia nikale nje na kuku. Lakini kiwanjani hakuwahi kuja. Alisema mume wake aliuawa na mashine na yeye hana haja ya kuzitazama.

Kisha Fundi Mkuu naye akaondoka. Ndugu zake walikuwa wameshahamia ng'ambo na walimtaka awafuate. Siku ya kuaga alinishika bega pale penye mkia.

"Hii usipandishe," akasema. "Watu watataka. Wewe sema hapana."

"Na Maganga akitaka?"

"Maganga pia ni watu."

Alijua alichokuwa anasema. Watazamaji hawakuja kuangalia nani anafika mwanzo. Kule mwisho wa kiwanja walikuwa hawaoni vizuri. Walikuja kuona gari likisimama kwa miguu ya nyuma. Gari la gereji moja ya mjini lilikuwa halina mkia, likinyanyua pua juu kabisa na kushindwa kila mara, na bado watoto waliliimba lile na kulisahau letu. Jambo hilo lilimla Maganga. Alianza kuniuliza kwa mzaha kama gunia haliwezi kukunjwa mara moja zaidi. Nilimjibu kwa mzaha kwamba likikunjwa zaidi tutamzikia humo. Ndivyo tulivyozungumza kila kitu, hata mambo ya kazi. Akikosea gia nilimwita mpagazi aliyesahau mzigo. Nikifunga boliti vibaya aliniuliza kama huko milimani tunafunga mbuzi namna hiyo. Kila kosa lilirekebishwa, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake neno la kawaida. Hatukuwa na lugha nyingine baina yetu, na kwa miaka hiyo yote hatukuihitaji.

Alikuja Mkuu wa Karakana mpya, kijana mpole kutoka Bukoba aliyesomea kazi yake vizuri na kuijua. Sina neno baya juu yake. Alituheshimu na kutuacha tufanye mbio kama tulivyozoea.

Ikafika sikukuu ya wafanyakazi. Wageni walikuwa wanatoka wilayani, na Ndugu Meneja alishapita karakana akisema kwamba watafurahi wakiona gari likisimama. Asubuhi nilikwenda bandani kulitayarisha, nikakuta gari halina mkia. Boliti zilikuwa zimepangwa chini kwa mstari, safi. Maganga ameketi juu ya pipa anakula muhogo.

"Mkia wangu uko wapi?" nikamuuliza.

"Nilijua siku nyingi kwamba Waluguru mna mikia," akasema. "Leo umekiri mwenyewe."

Nilicheka, maana ilichekesha. Ameuchukua kwa haki ya utani na mimi nilipaswa kuukomboa. Nilitoka mbio mpaka kambini, nikaomba jogoo kwa jirani, nikarudi naye kwapani. Maganga alimpokea, akampima kwa mkono, akamfungia kwenye mguu wa meza ya vifaa.

"Huyu kifaranga," akasema. "Kwa kifaranga utapata boliti. Mkia uje uchukue jioni."

"Maganga, sitanii. Bila mkia gari halina kitu cha kulizuia."

"Mtani akisema hatanii, hapo ndipo anapotania hasa."

"Nakuambia kama ndugu yako. Huwezi kulishusha sawasawa. Litakutupa."

Aliniangalia, nami nikadhani amesikia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama anakuja leo. Nimembembeleza mwezi mzima. Hajawahi kuniona hata mara moja, unataka nimwonyeshe majivu?" Nilikuwa sijamsikia akisema hivyo tangu tujuane, nikakosa la kumjibu upesi. Naye alipoona nimekosa, akarudi kwenye mzaha wake, akawaita wenzetu waje wamwone Mluguru aliyetaka kulia kwa ajili ya mkia.

Nikaenda kwa Mkuu wa Karakana. Nilimwambia mkia umefichwa na gari halifai kushindana.

"Ameuficha Maganga?" akauliza, akitabasamu. "Ndugu Mkude, juzi wewe ulificha viatu vyake akaendesha trekta pekupeku. Mambo ya watani mimi siyaingilii. Niliambiwa hilo siku niliyofika."

"Mkuu, huu si utani."

"Naye aliniambia hivyohivyo kuhusu viatu."

Ni kweli, alimwambia. Nilikuwepo.

Gari lilisukumwa mpaka kwenye molasi. Watu walikuwa wengi kuliko siku yoyote, na mbele, kwenye benchi la wanawake wa kambi, alikuwa ameketi mama yake Maganga amevaa khanga mpya. Sikuwa na njia nyingine. Nilikwenda nikalala chali mbele ya magurudumu ya gari. Nikapaza sauti kwamba haliondoki hapa mpaka mkia urudi.

Hapo uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Kila mtu pale alijua mimi ni nani kwa Maganga. Kijana wa bendera aliinama akishika magoti. Wageni waliuliza wakaelezwa, nao wakacheka. Maganga akaungurumisha injini mara mbili, akatoa kichwa dirishani akawaambia, "Mwondoeni huyo, amechoka kubeba mizigo." Wakaja vijana wa korona wakanishika mikono na miguu, wakanibeba juujuu kama gunia la mahindi. Nilipigana nao. Kadiri nilivyopigana ndivyo walivyocheka. Tulipopita mbele ya benchi la wanawake nilimwona mama yake amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko, na machozi ya furaha yanamtoka.

Bendera ikashuka. Maganga aliachia klachi vizuri kama kawaida yake, na molasi ikashika. Pua ikapanda. Ikavuka pale nilipopajua, ikaendelea kupanda mpaka tukaona tumbo la gari lote, chesi na mhimili wa magurudumu na bomba la moshi, na watu wakapiga kelele za shangwe. Kisha likashuka. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamepinda kushoto, si sana. Gari likatoka kwenye lami kama limeitwa, likaingia kwenye mkonge.

Mkonge mkubwa ni mgumu na ncha zake ni misumari. Sitaeleza zaidi. Tulimtoa, tukampakia kwenye Landrova ya shamba, nami nikakaa nyuma nimemshika kichwa. Alikata roho kabla hatujafika hospitali. Hakusema neno, wala la utani wala la kweli.

Kwa sheria na kwa mila sikuwa na kosa, na sisemi hapa kuwa nilikuwa nalo. Nilisema. Nilisema kwa mdomo, nikasema kwa jogoo, nikasema kwa mwili wangu wote. Mtu aliyenyamaza anaweza kujiambia kwamba angesema yangekuwa mengine. Mimi sina hata hilo la kujiambia.

Mkia ulikutwa uvunguni mwa kitanda cha mama yake, umefungwa kwa gunia langu.

Tulimzika kesho yake. Na pale makaburini nilikuwa na kazi, maana mtani ndiye anayesindikiza. Familia inalia; mtani anatakiwa awachekeshe, amwigize marehemu, amtukane, ili walio hai wakumbuke kwamba bado wako hai. Wazee wa Kinyamwezi wa kambini walinijia asubuhi. Niliwaomba wamtafute Mluguru mwingine. Wakasema, "Maganga alikuwa na mtani mmoja." Mama yake alikuwa ameketi chini, hajala, hajalia, na wanawake walisema hajatamka neno tangu jana.

Nikavaa ovaroli yake. Nilipita katikati ya watu nikiunguruma kama injini, nikanyanyua kifua kama gari linavyonyanyua pua, nikaanguka vumbini. Walianza kucheka. Nikafika ukingoni mwa kaburi, jeneza limeshashushwa, na hapo sikuweza tena kuigiza. Nikamwambia yaliyokuwa moyoni.

"Mnyamwezi mjinga wee. Nilikuambia urudishe mkia. Nimekuletea jogoo, umemkataa. Nimelala chini ya magurudumu yako, umeniacha nibebwe kama gunia. Nani alikuwa anatania, mimi au wewe? Inuka unijibu. Inuka, mshenzi wee, unijibu."

Nilikuwa nalia. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baadaye, na kama angeinuka kweli ningempiga. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana. Walisema hawajapata kuona utani wa mazishi kama ule. Mama yake aliinua uso, akanitazama, na kicheko kikamtoka, na nyuma ya kicheko kilio, na wanawake wakasema afadhali, sasa atapona. Aliponishika mkono baadaye aliniambia, "Mluguru, umemsindikiza vizuri."

Mbio zilikwisha. Baada ya miaka michache petroli ikawa adimu, magari yakakatazwa barabarani Jumapili mchana, na kiwanja cha ndege kikapandwa mahindi ya kijiji pembeni na kuota majani katikati. Mimi niliomba uhamisho. Nilipelekwa karakana ya serikali mjini, chini ya Mhandisi wa Mkoa, mtu wa nidhamu aliyetufundisha kuandika kila spea iliyotoka. Kutoka hapo nilikwenda Kilosa kutunza malori ya kubebea pamba, nikarudi Morogoro kama msimamizi, nikamalizia kwa kufundisha kwenye chuo cha ufundi. Nimefundisha klachi kwa vijana wengi. Nilipofundisha nilisema maneno yaliyonyooka, bila mzaha, na najua waliniita mzee mkavu. Kutaniwa nilitaniwa na Wanyamwezi wengi tangu hapo, na haki yao niliwapa, lakini mimi sikurudisha.

Nilistaafu wakati mkonge umeshalala na kambi imebomolewa. Mama yake Maganga alikuwa amepata kiwanja kidogo Kihonda, akijilimia mchicha. Nilikuwa nikimtembelea miaka yote, na nilipostaafu nikawa naenda kila wiki. Nilikuwa mtu wa pekee aliyebaki wa kumzungumzia mwanawe. Na kila nilipokwenda, tukishasalimiana na kutukanana, alivuta kigoda akasema, "Haya, Mluguru. Sema yale ya makaburini."

Nikayasema. Mnyamwezi mjinga wee, nilikuambia urudishe mkia. Kila mara nilikuwa nayasema kwa moyo uleule, na kila mara naye alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akafuta macho na kunitilia chai. Alisema kicheko kile ndicho kilichomrudishia pumzi siku ile. Sikuona sababu ya kumwambia zaidi.

Mara ya mwisho nilimkuta kitandani. Alikuwa amepungua sana, jirani anamlisha uji. Alinipa ishara nikae. Akasema, "Yaseme."

Nikayaanza. Nilipofika kwenye jogoo nikaona hacheki. Nikaendelea, kwa kuwa sikujua namna ya kuyaachia katikati. Nilipofika pale pa kubebwa kama gunia, aliinua mkono kunizuia.

"Mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Siku ile ulipolala mbele ya gari. Ulikuwa unatania?"

Nilimwona tena kwenye lile benchi na khanga yake mpya mdomoni. Miaka yote hiyo nilitamani mtu mmoja tu aniulize swali lile.

"Nilikuwa natania, mama," nikamwambia. "Wewe lini umewahi kumsikia Mluguru akisema kweli?"

Alinitazama. Kisha akavuta khanga akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilisubiri kicheko. Hakikuja.